Mama Furaha, Watoto Wako Wanakula Kwangu

Mama Furaha,

Ulipokuwa hai nilikuwa nikisema hodi, wewe unaitikia kabla sijamaliza. Sasa sijui nianzeje. Basi hodi, hivyo hivyo.

Nianze na baya. Sijalia. Siku ya mazishi kwaya zilikuja hapa Buffalo toka Columbus, toka Louisville, kina mama wakajitupa kwenye theluji, na mimi nilikuwa nimesimama na sahani za karatasi nikiuliza nani hajapata wali. Wamenisema weee! Eti Mrundi yule ana moyo mgumu. Waache waseme. Ukikalia mguu vibaya unakufa ganzi, ukiugusa unajua ni wako ila hausikii kitu. Mimi nimekuwa hivyo mwili mzima. Naenda kiwandani, nafunga maboksi, narudi. Mtu akinipa pole nasema asante, kama amenirudishia chenji.

Siku hizi watu wanapiga simu kwanza. "Mama Sifa, upo? Tunaweza kupita?" Wakishauliza hivyo, hawapiti. Enzi zako nani alipiga simu? Wewe ghorofa ya juu, mimi ya chini, na Jumapili baada ya ibada ngazi za mbao zinalia mpaka jioni: Wakongo, Warundi, hata wale waliohamia Cheektowaga wakanunua magari na kujifanya wako mbali. Ulikuwa unasema mgeni anayepiga simu anaomba akataliwe. Na sombe lako! Dukani yale majani ya muhogo yanauzwa yameshatwangwa na kugandishwa, wewe hutaki, unatwanga mwenyewe kwenye kinu juu ya kichwa changu, dari inatikisika, Baba Sifa anauliza kama nyumba inabomolewa. Sasa dari imetulia. Tulikuwa tunaomba itulie, si ndiyo? Imetulia, na sina raha nayo.

Nakumbuka siku ya kwanza uliposhuka. Tulikuwa tumetoka kambini Tanzania juzi tu, nyumba haina hata kiti. Ukaona godoro letu sakafuni, ukashika kiuno. "Mama, unalalaka chini juu ya nini?"

"Juu ya godoro," nikakujibu.

Ukarudia kwa sauti, kama mimi kiziwi. "Juu ya nini?"

"Juu ya godoro, mama, si unaliona?"

Nilidhani unanidharau. Wewe ulidhani nimechanganyikiwa na safari. Mpaka Baba Sifa, aliyewahi kuishi na Wakongo, akatoka jikoni akasema kwamba kwenu Uvira "juu ya nini" ni "kwa nini". Ulicheka mpaka ukakaa kwenye hilo hilo godoro. Jioni mumeo akatuteremshia kitanda.

Bibi Doroti anakuulizia. Namaanisha alikuwa anakuulizia, kabla sijavuka barabara kumweleza. Unakumbuka alivyokuwa anapunga mkono kila asubuhi, "Si yu leta!" Ukamwuliza Furaha maana yake, akakwambia ni tutaonana baadaye. Masikini, ukanunua samaki, ukapika ugali, ukamvalisha mwanao Amani shati jeupe, ukamngoja mzungu wa watu mpaka chakula kikalala. Kesho yake ukaenda kumgongea mlango, Furaha anatafsiri huku anakufa kwa aibu: "Bon, mama, jana ulikuwa mgonjwa?" Yule bibi akawa mwekundu. Jumapili iliyofuata alikuja na keki na hakuacha tena kuja. Sasa akiniona anafungua mdomo, halafu anaufunga. Hasemi tena si yu leta. Nadhani anaogopa nitapika.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya Doroti. Nimekuandikia kuhusu watoto.

Wifi yako wa Louisville alirudi wiki tatu baada ya mazishi, na gari kubwa la kukodi. Simlaumu. Ni mwanamke mwema, ana nyumba, na watoto wa kaka yake ni wake. Baba Sifa aliniambia asubuhi ile, "Usijiingize. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe." Nikasema sawa. Siku hizo kwa kila kitu nilisema sawa. Ungeniambia nyumba inaungua ningesema sawa.

Tukapanda juu kwenye kikao. Kitenge chako bado kimefunika televisheni. Baba Furaha anatazama viatu vyake, yeye sasa ni mtu wa kutikisa kichwa tu. Shangazi akasema, "Bon. Watoto wanaenda na mimi. Furaha atanisaidia, Amani ataanza shule kule. Kuko mwenye neno?"

Furaha alikuwa amesimama mlangoni. Akasema kwa Kiingereza kwamba haendi. Shangazi akamwambia watoto hawasemake mu kikao. Nikasikia mtu anasema, "Mimi nina neno." Kumbe ni mimi!

"Wewe ni nani kwa hawa watoto?"

"Mama yao mdogo."

"Wa tumbo gani?"

Mama Furaha, swali hilo nilishawahi kuulizwa kwa Kiingereza. Siku Amani alipopata homa shuleni, wewe uko kazini kwa wale wazee uliokuwa unawatunza, nikaenda kumchukua. Yule dada wa mapokezi akauliza kama mimi ni mama. Nikatafsiri neno kwa neno: ndiyo, mama, mama mdogo. Akanitazama juu mpaka chini, na mwili wangu huu, akitafuta udogo uko wapi. Akakupigia simu. Ukamwambia, "Yes. She is mother." Akauliza tena, na wewe je? Ukasema, "Mother." Tukakaribia kunyimwa mtoto, maana kwao mama ni mmoja. Mpaka mkubwa wao akatoka ofisini, akakuta Amani ameshajilaza mapajani mwangu. Ulinitania mwezi mzima, Mama Mdogo Mkubwa.

Kwa hiyo nilimwambia shangazi, "Sina tumbo la kukuonyesha. Lakini marehemu mwenyewe aliulizwa na shule, akasema huyu ni mama. Kama alikosea, mwulize yeye."

Lo, sijui ulinitoka wapi ule mdomo. Baba Sifa akakohoa. Baba Furaha akainua kichwa, mara ya kwanza tangu tukae, akasema, "Alisemaka. Mi nilisikia." Basi.

Shangazi akainuka. Alishuka kwangu, akafunua sufuria zangu moja moja, akabonyeza vitanda, akanusa mashuka. Mtu mzima nikasimama pembeni kama binti anayechumbiwa. Mwishowe akasema, "Donc, mpaka masomo ifungwe. Kisha tutaona." Akaondoka na gari tupu. Pale mlangoni alinishika mkono kwa muda, na mimi nilijua angependa kunichukia lakini hawezi.

Kwa hiyo wako kwangu. Baba yao ana zamu ya usiku, wanakula hapa, wanaoga hapa, wanalala na Sifa wangu chumba kimoja, wanagombania chaja. Furaha ninamwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, unamjua. Amani hataki maharage. Nilimlazimisha mara moja, akayaficha mfukoni.

Nilifanya yote hayo, dada yangu, na bado nilikuwa sisikii kitu. Nilipika nikiwa ganzi. Niliwafunga viatu nikiwa ganzi. Nilianza kuogopa kwamba nitawalea hivi hivi, kwa mikono tu.

Jana alasiri Amani alikuwa bafuni. Akapaza sauti, "Mama! Taulo!"

Alisahau tu. Mtoto wa miaka sita. Furaha alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama. Sifa akanitazama. Kule bafuni maji yakanyamaza, nikajua naye amekumbuka. Nyumba nzima ikawa inangoja, na hakuna aliyejua inangoja nini.

Nikaitika, "Abee!"

Nikachukua taulo nikampelekea. Aliinua mikono nimfunge. Nikamfunga. Halafu nikaingia chumbani kwangu, nikakaa sakafuni, nikalia, Mama Furaha. Nililia kwa sauti mbaya, ya kutisha watoto. Wakaja wote wakasimama mlangoni, na sikuwafukuza. Inauma. Sikujua inauma hivi.

Usinione nimekuibia jina. Ni lako, na watoto wanajua ni lako. Lakini mtoto akiita, lazima mtu aitike.

Pumzika sasa. Shangazi atarudi masomo yakifungwa, na sijui atasema nini. Mimi ninakuahidi hili moja: wakiita, Buffalo au Louisville, mchana au usingizini, na hata wakikosea wakaita jina lako, nitaitika.

Mimi jirani yako,
Mama Sifa