Mate ya Babu Mlimani

Kwa Mughwai,
Ikungi,
Kupitia Misheni, Singida.
8 Oktoba 1972

Mpendwa mdogo wangu Alute,

Pokea salamu za kaka yako mwenye miaka sabini na sita, niliyebaki duniani baada ya Mjerumani kuondoka, Mwingereza kuondoka, nzige kuondoka, na yule tabibu aliyesema sitafika mavuno, akazikwa yeye. Shikamoo yako najua iko njiani, basi marahaba. Hujambo, na mkeo Cecilia hajambo? Mgongo wako umepata nafuu, au katani bado inakutesa huko Tanga? Sisi ni wazima. Mvua bado, ng'ombe wamekonda lakini wanasimama.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye kisomo cha watu wazima hapa hakuna mzee anayenifikia, na mwalimu anajua, ingawa hasemi.

Habari kubwa ni Marietha, binti wa marehemu Petro mwanangu. Amemaliza Chuo Kikuu Dar es Salaam. Watu wananipa hongera kana kwamba mtihani nilifanya mimi, nami nazipokea, maana waliokuja kumposa akiwa bado shule niliwafukuza mimi.

Sasa Petro hayupo, na mtoto anapelekwa Songea kufundisha. Wewe unajua kwetu mtoto hatoki kwenda kazi ya mbali bila mkubwa wake kumtemea baraka kifuani. Amebaki nani? Nikatengeneza maji ya asali ya kumtemea, nikayatia kwenye kibuyu, nikakiziba kwa nta na kukifunga kwa ngozi. Nikapanda lori mpaka Manyoni, halafu treni mpaka Dar es Salaam kwenye mahafali yake. Nilikuwa na Hussein, yule mwenye duka la vitambaa Singida mjini, na mkewe Fatu, kwa kuwa mtoto wao Mselemu alimaliza pamoja na Marietha.

Njiani Hussein akasema kibuyu kinanguruma, nikifungue kipumue. Nikamwambia vitambaa ni vyake, asali aniachie mimi.

Lakini kilichonikaa moyoni hakikuwa kibuyu. Marietha amekaa na wasomi muda mrefu. Je, angekubali babu amtemee mate mbele ya wenzake? Akikataa, basi anaenda Songea mtupu, nami sina umri wa kumngoja arudi.

Alute, sherehe ile ungeiona. Walipokwisha kuvishwa kofia, wazazi tuliachiwa uwanja, kila watu wakapongeza kwa desturi yao. Wahindi waliwavisha watoto wao mashada ya maua mpaka shingo hazionekani. Wahaya waligawa kahawa ya kutafuna. Wazambia waliimba. Fatu alimfukiza Mselemu udi na kumnyunyizia marashi. Palikuwa na bibi mmoja Mkikuyu wa Nyeri, hajui neno la Kiswahili, ameketi kwenye nyasi na mjukuu wake. Wa kibuyu nilikuwa peke yangu.

Marietha alipokiona akaniambia polepole twende kwanza chumbani kwake. Nikamwuliza, "Wenzako wanafukizwa hapa hapa. Mimi nimekosa nini?" Akaangalia chini. Nikachomoa kizibo.

Joto la Dar es Salaam si joto la kawaida. Maji yote yaliruka juu, yamekwisha kuwa pombe, yakamwangukia Hussein na kanzu yake nyeupe, yeye ambaye hajagusa pombe tangu azaliwe. Watu wakacheka hadi Wazambia wakaacha kuimba. Nikatikisa kibuyu, hakuna kitu. Nikasimama nimekishika, mdogo wangu, nikaona safari yote imekwenda bure.

Hapo Marietha akafungua joho lake, akapiga magoti kwenye nyasi, akasema kwa Kinyaturu, kwa sauti ya kufika mbali, "Babu, mate ni yako, si ya kibuyu."

Nikamtemea kifuani, mara moja kwa niaba ya Petro, mara moja kwa niaba yangu. Mama mmoja akang'aka, eti mzee yule anamdhalilishia nini msomi wa watu. Kabla sijamjibu, bibi wa Nyeri aliinuka, akamleta mjukuu wake, akamfumbua viganja mbele yangu. Kumbe na kwao ni hivyo. Nikamtemea. Bibi naye akamtemea Marietha. Hatukusemezana hata neno, lakini sijaelewana na mtu namna ile tangu mke wangu afariki.

Basi wakaja na wengine, watoto wa makabila nisiyoyajua, wanainamisha vichwa. Mate yakanikauka, Fatu akaniletea maji ya kunywa. Huo ndio ukweli.

Marietha ameondoka juzi kwenda Songea. Kofia na joho alirudisha, maana ni vya kuazima. Kibuyu amekwenda nacho.

Msalimie Cecilia, msalimie Kefa na wanawe, mwambie Esta babu yake anauliza kama bado anasoma. Mungu akunyooshe mgongo, akupe mvua ya kiasi na usingizi wa kutosha.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata usipoandika,
Mughwai

Najua utasema nimetia chumvi. Yule bibi ningekutajia jina lake, ila hatukuwa na lugha ya kuulizana. Basi mwandikie Hussein. Mpaka leo ananisalimia kwa shida, lakini ni mtu wa swala, hasemi uongo, na kanzu ameifua mpaka imechakaa, doa bado lipo.