Maneno Niliyompa Mtu wa Barafuni

Mdogo wangu Masanja,

Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wa mama unaendeleaje? Huku Mpanda mvua imenishika, hata malisho ya Kabungu niliyoyafuata sijayaona. Jana mchana nikaingia banda la video hapa Nsemulwa. Sinema ya Kizungu: watu wanne wako kambini kwenye barafu tupu, redio yao imeharibiwa, hawajui na nani. Inaenda polepole mpaka watu wakachoka. "Mzee, wewe umesoma, tutafsirie!" Nikawa natafsiri kwa kubahatisha.

Basi wakamsingizia kijana mmoja, wakamfukuza nje kwenye baridi. Mwenye kosa sisi tulishamwona, katulia tu anakunywa chai. Mama mmoja akaniuliza kwa sauti, "We mzee, huyo anasemaje?" Hakusema kitu, Masanja. Lakini mdomo wangu ukatoa: "Anasema ni mimi niliyeacha zizi wazi."

Banda zima likacheka. "Zizi gani kwenye barafu!" Nikatoka, na tangu hapo situlii, nazunguka tu kwenye matope.

Ni mimi, mdogo wangu. Wale ng'ombe walipotea kwa uzembe wangu, nikanyamaza baba alipokulaumu wewe na kukunyima ng'ombe wa mahari. Nisamehe. Bahasha zipo hapa posta, nimeziacha makusudi. Kadi hii ya wazi itafikia sanduku la parokia, katekista ataisoma kabla yako, na yule hajui kunyamaza. Ikikufikia, baba atakuwa ameshasikia.

Mwambie Kabula wako asiolewe na mwingine kwanza.

Kaka yako,
Luhende