Rundo la Muema

Nekesa usipige simu. Boma imejaa watu wa matanga, nimejifungia kwa choo ndio nikuandikie.

Unakumbuka ule unga wa mbao Muema alikuwa anaozesha nyuma ya kitalu? Ule alikuwa anatoa kwa wapasua mbao Thika. Alitaka miche yetu iote ndani yake, tuache kununua pitimosi, ile mboji ya ng'ambo. Mwaka mzima akiumwagilia, akiugeuza, akiufunika.

Hauko.

Akina mama wa kanisa walikuja asubuhi kutusaidia kupanga ibada ya kumuaga bwanangu. Mvua ilinyesha usiku, hapa Gatongora ni matope tu. Mama Janice akanishika mkono akaniambia, "Tumemwaga hiyo maranda yenu kwa hema, wageni wasiteleze."

Maranda. Yote, Nekesa. Hadi ile nyeusi ya chini, ile ilikuwa imeiva.

Na mimi nikasema asante. Ningesema nini? Wamebeba na beseni, wengine ni wazee. Nikasema asanteni sana, Mungu awabariki.

Sasa wameweka viti juu yake, wanaimba.

Unajua kila asubuhi kabla ya chai alikuwa ananiita, "Wavinya, kuja uweke mkono uone vile inafanya kazi." Ndani kulikuwa moto kama mtu mwenye homa.

Kabla nikuje huku nimejifanya nimeangusha leso. Nikainama pale chini ya hema, mahali wameimwaga nene, nikaingiza mkono.

Bado ina joto.