Sheria Haisomi Kifua cha Babu

Mshauri mpendwa, nakuamkia kwa heshima zote, ingawa dada yangu anasema majibu yako huandikwa na mtu asiye na watoto, mimi nimeamua kukuomba shauri kwa sababu niliowauliza hapa kwetu wote wananicheka.

Naitwa Trevor, nina miaka ishirini, niko huku kaskazini mwa Wisconsin, shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kwa kuchora tatuu sina mpinzani kaunti nzima, uliza yeyote. Babu yangu mzaa mama, Casimir Nowicki, moyo wake umechoka, daktari kasema hautapona, na yeye hataki siku ukisimama watu waje kumshindilia kifua kama walivyomfanya marehemu kaka yake, aliyevunjwa mbavu akaishia kulala kwenye mashine bila kumjua hata mkewe. Basi akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe si unajiita fundi? Niandikie hapa kifuani, wakinifungua shati wasome." Nikamwandikia kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara, MOYO UKISIMAMA NIACHENI, na chini nikamwekea samaki, zawadi yangu, nikamhakikishia kwamba hiyo ni sheria tosha maana ngozi haipotei kama karatasi. Tangu hapo kila Ijumaa, kama desturi ya huku, watu wakila samaki wa kukaanga kwa bia pale ukumbi wa kanisa yeye anafungua vifungo, "Padri, miwani unayo? Haya, soma," na wajane wanacheka mpaka bia inawapalia.

Mwezi uliopita akazimia mezani, gari la wagonjwa likaja, dada mmoja wa huduma ya dharura akapasua shati, akasoma, akaniangalia.

"Nani kachora?"

"Mimi," nikasema, kwa fahari.

"Samaki umemchora vizuri. Bangili yake iko wapi?"

Nikamuuliza bangili ya nini tena. Akasema, "Ana bahati, moyo unapiga. Ungesimama ningemshindilia hapohapo juu ya maandishi yako, bila bangili ya amri ya daktari mimi simwachi mtu." Babu hakusikia, alikuwa hajitambui.

Sasa mama mdogo Bernice anataka nimwambie babu ukweli, lakini mshauri, nikimwambia atakwenda kwa daktari siku hiyohiyo, namjua, na nikinyamaza, siku ikifika watamshindilia na kumrudisha duniani, na mimi ndiye ninayeishi naye, ndiye ninayemkaangia mayai, sina mwingine wa kunitukana asubuhi, na yeye mwenyewe ana raha zake, anaamini mambo yako sawa. Kuna ubaya gani nikinyamaza? Jibu upesi, na ukipita huku nitakuchora chochote.

Fundi Trevor

*

Fundi Trevor,

Watoto ninao wanne, mwambie dada yako. Kuchorwa sitaki.

Ubaya ni huu: babu yako ameshasema neno lake, na wewe umelikalia. Pole, naona unavyoogopa, na kumpenda unampenda. Ila hiyo hofu ni yako, usimvike mzee ukaiita huruma.

Mimi si wakili, lakini nimempigia mmoja wa huko kwenu. Tatuu si amri. Amri anaitoa daktari, akishaona kwamba ugonjwa wenyewe unastahili na akishamweleza mgonjwa maana yake. Kisha mgonjwa, mwenye akili timamu, anatia sahihi na kuvishwa bangili. Wahudumu wanatazama mkono, hawasomi kifua. Maadamu babu ana akili zake, wewe huna kura, Bernice hana, na padri naye hana. Wala hataachwa kama gogo: maumivu watayatuliza, hewa watampa, anachokataa ni kurudishwa moyo ukisimama. Na akibadili nia, aseme tu kwa mdomo, au aikate bangili kwa mkasi, amri imekufa, hata kama mhudumu ameshafika mlangoni.

Kwa hiyo mwambie wiki hii, asubuhi, akishakula. Mwambie wewe, usimtume Bernice. Atakutukana, na safari hii umestahili, nyamaza. Piga simu kliniki akiwa amekaa hapo, umpeleke mwenyewe. Huko huko amteue kwa maandishi mtu wa kumsemea siku atakayoshindwa kusema. Akikuteua wewe, kubali ikiwa tu utaweza kutamka anachotaka yeye huku moyo wako unataka kingine. Kama huwezi, mwachie mama yako mdogo, si aibu.

Na mkiwa njiani, mwambie hutaki afe. Sheria haikudai hilo, na daktari hatakuuliza, lakini mzee anakwenda kutia sahihi na ana haki ya kujua anamwacha nani. Akishasikia akatia sahihi hivyohivyo, mshike mkono wakati wanamfunga bangili.