Kibanda Kati ya Migomba, Masukulu

Mke wangu Mwanaidi,

Nakusalimu kutoka kwenye ukungu. Kiwanja nilichogawiwa hapa katika kijiji cha ujamaa kimejaa migomba, nami sikukata hata mmoja. Kibanda nimekipenyeza katikati yake, kuta za mianzi na udongo, na mlango umeupa mgongo upepo wa mlimani, maana najua unavyoogopa baridi.

Jana jirani yangu, Mama Tumaini, aliniletea ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Akakizunguka kibanda, akauliza, “Mkeo anakuja lini?”

“Mvua zikipungua.”

Akacheka hadi akashika ukuta. “Baba, huku hazipungui!”

Alipoondoka nikala peke yangu, nikisikiliza majani yanavyodondosha maji. Usisubiri mvua zipungue, mke wangu. Njoo na mvua hiyo hiyo, Mungu akufikishe salama.

Wako,
Salumu