Chumvi kwenye Linta

Fakhria,

Fundi Nasor ameniambia leo asubuhi, aliponipitia akienda kazini: linta, ile boriti ya zege juu ya mlango wa mbele, inataka kuanguka. Aligonga kwa nyundo, zege likadondoka. Nondo zilizomo ndani zimekuwa kutu tupu.

~~Mtu yeyote asipite pale.~~ Watoto wasipite pale. Mumeo apite akitaka.

Nikamwuliza huyo mwanangu Nabhan. Akajibu kwa fahari, "Mama, mwaka wa Azimio nilichanganya chumvi ya Uvinza kwenye zege, nusu gunia, mchwa wasipande darini."

Mchwa! Nasor alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana Nabhan, chumvi ikipata maji ya mvua inatafuna chuma. Umefukuza mchwa wa miti, ukafuga wa nondo."

Na hao wa miti wamo darini vilevile, nawasikia.

Uji uko jikoni, ufunike. Naenda Igalula kwa treni kumwomba kaka yangu miti ya kuegemezea, maana bwana mkubwa Nabhan kasema tu, "Imekaa miaka minane, haianguki leo." Kisha akatandika mkeka pale pale chini ya linta, akalala. Nimeuvuta mkeka, naye juu yake, mpaka uani. Hata hakugeuka.

Bibi wa watoto