Mama Sikujua

Mpendwa Bibi, mke mwenzangu,

Huu mwaka wa sita umelala Tanga, nami huku Sydney nakushuku. Si adabu kumshuku marehemu, najua, lakini weye mwenyewe ndiye uliyenifundisha kumwogopa mtu ambaye jibu lake liko tayari kabla ya swali. Na jibu lako juu ya baba yako, Bibi, lilikuwa tayari siku zote.

Wakumbuka barazani kwako Ngamiani, miguu umeinyoosha, wasuka ukili? Watoto wa mtaa wakikuita Mdachi kwa ile rangi yako, nami nikija mbio kukuuliza. "Baba yangu Mjerumani wa mashamba ya mkonge," wasema, wala hunitazami. "Aliondoka vita vya pili vilipoanza, mimi nimo tumboni. Hakujua. Angejua, angerudi." Kisha wanituma dukani. Kila nikiuliza, dukani! Nyumba ile haikuwahi kukosa chumvi kwa ajili ya maswali yangu.

Siku ninakuaga kuja huku ukaninong'oneza, "Huko ndiko alikokwenda baba." Nilikuwa na pilika za safari, sikukudadisi. Ni baadaye, nikikunja mashuka katika nyumba ya wazee ninayofanya kazi hapa Bankstown, ndipo mikono iliposimama yenyewe. Ala! Mtu aliyeondoka bila kujua kama upo, habari za kuwa yuko Australia alimletea nani?

Sikumwambia Mama. Na Mama ndiye aliyenisukuma kutafuta. Tangu moyo uanze kumsumbua, kila akipiga simu ni hilo: "Nitafutie babu yangu. Nataka kujua jambo moja tu, kama kweli hakujua. Mama yangu amemtetea mtu yule mpaka anakufa." Nikaanza, na jina lake tu mkononi. Jumamosi zangu zote ziliishia kwenye makaratasi: orodha ya abiria wa meli, jalada la uraia, daftari la makaburi. Katika fomu ya uraia waliuliza ana watoto wangapi. Kaandika wawili, wote wazaliwa wa huku. Nilifurahi, nakwambia kweli. Nikasema, haya, Bibi hakunidanganya, maskini hakujua.

Furaha yenyewe haikulala. Mjukuu wake, Ingrid, nilimpata Ingleburn, mama wa makamo mwenye mbwa wawili. Alinipokea kwa chai na keki, nami huyo, jicho pembe: anayenikaribisha upesi hivi ana lake. Nilisubiri keki iliwe na yeye kwanza! Picha ya babu yake ilikuwa ukutani, na paji la uso lilikuwa lako, Bibi, limebandikwa kwa mzungu. Nilikuwa nimejitambulisha kuwa natoka Tanga, basi. Nilitaka nimsikie yeye kwanza.

"Babu alikuwa mtu wa huruma," akaniambia. "Kule Tanga aliwahi kumtunza kitoto yatima. Ameandika." Akaleta kitabu kidogo cha mfukoni, chote Kijerumani isipokuwa mstari mmoja wa Kiswahili. Mstari huo Ingrid alisomewa zamani na Mama Neema, Mkongo aliyekuwa akimuuguza mama yake. Kwa nini mstari mmoja tu kwa Kiswahili? Mimi nilijua palepale. Mkewe hakuwa na Kiswahili. Mtu huficha kitu mahali ambapo wa nyumbani hawafiki.

Ulikuwa kwa herufi kubwa tupu: MTOTO WA KIKE. MAMA SIKUJUA. NILIMPAKATA MPAKA AKALALA.

Nilimpigia Mama Neema mbele ya Ingrid, maana namfahamu, tunakutana kwenye kikundi cha akina mama. "Dada, mi nilisoma tu vile iko," akasema. "Mama ya mtoto, yeye hakumujua. Si ndiyo hivyo?" Simlaumu. Kwao pengine hakuna mtu wa jina hilo.

Lakini mimi na weye tunamjua. Sikujua binti Mbaruku, mama yako mzazi, aliyekuzaa, akakulea, akazikwa kwa jina hilohilo. Nikakiweka kitabu mezani, nikamwambia Ingrid, "Hili si neno. Hili ni jina la mtu, na mtoto ni bibi yangu." Akanitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye tangu naingia. Kisha akakivuta kitabu chake taratibu, akaniuliza kama nina karatasi yoyote ya kuthibitisha.

Basi ndiyo hivyo, Bibi. Hukuwamo tumboni. Alikupakata, ukalala mikononi mwake, na bado akaondoka, akaja huku akaiandikia serikali kwamba ana watoto wawili. Nawe ulikuwa na habari, ndiyo maana ulijua alikokwenda. Kama ni mama yako aliyekwambia au ni barua iliyokuja, hilo umekwenda nalo, lakini ulikuwa na habari. Ulipenda baba mjinga kuliko baba aliyekuona akakuacha. Nimekukasirikia, nisikufiche. Nimelia kwenye treni kutoka Ingleburn mpaka kijana wa mbele yangu akahama kiti. Umri wako wote umembebea mtu asiyestahili hata kubebewa mwavuli, tena peke yako, nasi tunakutania na kukuita Mdachi. Ungeniambia hata mimi, mke mwenzio, ningekaa kimya. Unanijua.

Leo Mama kapiga simu mara tatu. Mara mbili niliiacha ilie. Ya tatu nikapokea.

"Mwanangu, umepata nini? Alijua?"

Nikasikia anavyohema. "Hakujua, Mama," nikasema. "Angejua, angerudi."

Akashusha pumzi ndefu, akacheka kidogo. "Nilijua tu," akasema.

Pumzika, Bibi. Sasa tumekuwa wawili.

Mjukuu wako wa Bankstown